Kutoka Chumvi ya Nunge hadi Chupa ya Dripu: Maandalizi ya Meneja wa Uzalishaji wa Dawa

Utangulizi

Kaskazini ya mji wa Bagamoyo, mahali paitwapo Nunge, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina na kuachwa juani. Kadiri siku zinavyopita maji hupungua, chumvi huzidi kukolea, na hatimaye fuwele nyeupe hutanda chini ya bwawa. Mpita njia huona kazi ya jua na upepo tu. Lakini mtu aliyezoea kazi hiyo anajua kwamba bahari haina chumvi ya aina moja. Chokaa hutangulia kujitenga, hufuatiwa na jasi, kisha huja chumvi tunayotia katika chakula, na mwishoni hubaki maji machungu yenye magnesi nyingi. Akivuna mapema mno, chumvi yake itakuwa na jasi. Akichelewa mno, itakuwa chungu. Kwa hiyo huyahamisha maji kutoka bwawa moja hadi jingine kwa wakati wake, na yale machungu huyamwaga.

Mvuna chumvi huyo, bila ya kujiita hivyo, anafanya kazi ya meneja wa uzalishaji. Anayo malighafi, anao mchakato wenye hatua, anayo dalili za kumwambia hatua imekamilika, na anawajibika kwa kinachotoka mwishoni.

Sasa tuitazame chumvi hiyohiyo mahali pengine. Katika wodi ya hospitali, juu ya kitanda cha mgonjwa aliyeishiwa maji mwilini, imetundikwa chupa ya dripu. Ndani yake mna maji na gramu 9 za chumvi, yaani kloridi ya sodiamu, katika kila lita. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi za namna mbalimbali katika lita moja, karibu mara nne ya kiasi hicho. Je, hatuwezi kuchukua chumvi ya Nunge, tukaipima, tukaikoroga katika maji yaliyochemshwa, tukampa mgonjwa? Jibu ni kwamba hatuwezi, na sababu za jibu hilo ndizo somo la makala hii. Mtu anayesimamia njia ndefu kutoka chumvi ghafi hadi chupa ile huitwa meneja wa uzalishaji wa dawa. Tutaeleza kazi yake ni ipi, anahitaji elimu gani, ujuzi gani, na uzoefu wa namna gani.

Meneja wa uzalishaji ni nani?

Katika kiwanda cha dawa mna vyeo viwili ambavyo kanuni za utengenezaji bora wa dawa, kama zilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani, hazikubali vishikwe na mtu mmoja. Cha kwanza ni mkuu wa uzalishaji, na cha pili ni mkuu wa udhibiti wa ubora. Kila mmoja hujitegemea katika uamuzi wake. Sababu yake ni rahisi kufahamu. Anayezalisha anasukumwa na idadi: chupa ngapi zimetoka leo, mashine imesimama saa ngapi, gari la kupakia limefika au bado. Anayedhibiti ubora hatakiwi kusukumwa na jambo lolote kati ya hayo. Mvutano baina yao si ugomvi. Ni sehemu ya ulinzi wa mgonjwa.

Hata hivyo lingekuwa kosa kudhani kwamba ubora ni kazi ya yule wa pili peke yake. Meneja wa uzalishaji ndiye anayehakikisha kwamba dawa inatengenezwa kwa taratibu zilizoandikwa, kwamba kumbukumbu za kila toleo zinajazwa na kutiwa saini, kwamba vyumba na mitambo ni safi, na kwamba wafanyakazi wamefundishwa kabla ya kushika kazi. Neno toleo hapa lina maana maalumu: ni kiasi cha dawa kilichotengenezwa kwa pamoja, kwa mchanganyiko mmoja na kwa mfululizo mmoja, kikapewa namba yake. Namba hiyo huonekana kwenye kila pakiti, na ndiyo inayowezesha dawa kurudishwa kiwandani kutoka kila wilaya ikigundulika kuwa na kasoro.

Elimu ya msingi

Mwanafunzi wa sekondari ajue kwamba njia ya kazi hii huanzia katika masomo ya Fizikia, Kemia na Bayolojia, na Hisabati isiachwe nyuma. Baada ya kidato cha sita, wengi hupitia shahada ya famasia. Hapa Tanzania mafunzo ya shahada hiyo yalianza Muhimbili mwaka 1974, na siku hizi hutolewa pia katika vyuo vikuu vingine. Mhitimu hufanya kazi chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja kabla ya kusajiliwa na Baraza la Famasi. Huko Moshi, katika Shule ya Famasia ya Kilimanjaro, yamewahi kutolewa mafunzo ya juu ya famasia ya viwandani yaliyowakusanya wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Famasia si mlango pekee. Kanuni za kimataifa zinataja mchanganyiko wa taaluma zinazofaa kwa wakuu wa kiwanda cha dawa: kemia na biokemia, uhandisi kemikali, mikrobiolojia, sayansi na teknolojia ya dawa, elimu ya sumu na fiziolojia. Hakuna mtu azijuaye zote kwa kina. Linalotakiwa ni kuijua moja vyema, na kuzijua nyingine kiasi cha kuweza kumwuliza mwenye kuzijua swali lenye maana.

Baada ya hapo huja ujuzi ambao cheti peke yake hakiwezi kuuthibitisha. Tutautazama katika sehemu nne.

Ujuzi wa kwanza: kuijua malighafi

Tuchukue mfano wa dawa inayofahamika katika kila nyumba, yaani pakiti ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, ambayo mama humkorogea mtoto anayeharisha. Kwa mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002, pakiti ya lita moja huwa na gramu 2.6 za kloridi ya sodiamu, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu. Jumla ni gramu 20.5. Kiwanda kikitaka kutengeneza pakiti 100,000 kitapima kilo 260, kilo 1,350, kilo 150 na kilo 290 za viambata hivyo kwa mpangilio huo. Jumla kilo 2,050. Hesabu hii mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza.

Hatari haimo katika hesabu. Kloridi ya sodiamu na kloridi ya potasiamu zote ni fuwele nyeupe, zote huja katika magunia yanayofanana, na zote zina ladha ya chumvi. Lebo zikibadilishana ghalani, kila pakiti itakuwa na gramu 2.6 za kloridi ya potasiamu badala ya 1.5, yaani karibu mara moja na robo tatu ya kiasi kilichokusudiwa. Potasiamu ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo, na mtoto aliyeishiwa maji ana figo zisizoweza kuitoa upesi. Mizani haitagundua kosa hilo, kwa kuwa uzito utakuwa sahihi.

Linalogundua ni jaribio ambalo mwalimu wa kemia hulifanya darasani kwa waya na taa ya spiriti. Sodiamu huupa mwali wa moto rangi ya manjano iliyokolea. Potasiamu huupa rangi ya zambarau hafifu, inayoonekana vizuri zaidi kwa kutazama kupitia kioo cha buluu cha kobalti. Mwanafunzi anayelifanya jaribio hilo kwa ajili ya mtihani tu afahamu kwamba kanuni hiyohiyo hutumika katika maabara za viwanda kuitambua malighafi, na kwamba kila chombo kilichopokelewa yapasa kitambuliwe, sio kile cha kwanza peke yake.

Historia imetufundisha jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1937 huko Marekani dawa moja ya maji iliyeyushwa katika diethilini glikoli, kimiminika kitamu chenye sumu ya figo, bila ya kupimwa usalama wake. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto. Mtu angedhani somo lilikwisha hapo. Lakini mwaka 2022 huko Gambia watoto wapatao 70 walikufa, na dawa za maji za kikohozi zilizoagizwa kutoka nje zikakutwa na diethilini glikoli na ethilini glikoli. Miaka 85 ilikuwa imepita, na sumu ilikuwa ileile. Mara nyingi sumu hiyo huingia kwa njia ya viyeyushi kama gliserini na propilini glikoli vinavyonunuliwa kwa kuamini karatasi ya muuzaji bila ya kupimwa kiwandani. Meneja anayepokea pipa kwa kuiamini karatasi ameweka maisha ya watoto mikononi mwa mtu asiyemjua.

Ujuzi wa pili: kuujua mtambo

Turudi kwenye chupa ya dripu. Chumvi ikishasafishwa na maji yakishakenekwa, chupa hujazwa, hufungwa, kisha hupikwa kwa mvuke ndani ya otoklavu, yaani chungu kikubwa cha chuma kinachofungwa barabara. Mvuke ulioshiba wenye kanieneo ya takriban angahewa mbili una halijoto ya nyuzi 121 za Sentigredi. Kwa kawaida chupa hukaa katika halijoto hiyo kwa dakika 15.

Kwa nini dakika 15? Tuseme tunapambana na spora za bakteria zenye kuhimili joto, na kwamba kila dakika moja katika nyuzi 121 huzipunguza hadi sehemu moja ya kumi. Chupa ikianza na spora 1,000, baada ya dakika 3 inabaki 1. Baada ya dakika 9 itabaki spora moja katika kila chupa milioni moja. Dakika zinazobaki ni akiba ya usalama.

Sasa itazame hatari. Hewa ni nzito kuliko mvuke ulio katika hali hiyohiyo. Isipotolewa yote kabla ya kupika, hutuama chini ya chungu kama ukungu bondeni. Saa ya kanieneo itaonyesha angahewa mbili kama kawaida. Lakini kama nusu ya kilichomo sehemu ile ni hewa, mvuke una kanieneo ya angahewa moja tu, na halijoto yake ni nyuzi 100. Kwa spora nyingi za namna hii, kila nyuzi 10 zinaposhuka kasi ya kuziua hupungua mara kumi. Kwa tofauti ya nyuzi 21 kasi hupungua karibu mara 126. Hivyo dakika 15 katika nyuzi 100 ni sawa na kama sekunde 7 katika nyuzi 121. Katika spora 1,000, zaidi ya 700 zitatoka hai. Chupa za safu ya chini zitaonekana safi, angavu, zimefungwa vizuri, na zimejaa mauti.

Jambo hili lilitokea. Mwaka 1971 kiwanda kimoja cha Uingereza kilipika toleo la dripu ya glukosi, na hewa ikabaki chini ya otoklavu. Kipimajoto chenye kuandika kwenye karatasi hakikuonyesha kupanda kwa joto kama ilivyopaswa. Waliokuwa kazini waliona, wakadhani kipimajoto ndicho kibovu, wakategemea saa nyingine. Sampuli chache zilizopimwa zilionekana hazina vijidudu. Chupa zilikaa ghalani kwa miezi, bakteria wakazaliana ndani ya sukari ile, na mwanzoni mwa mwaka 1972 wagonjwa kadhaa katika hospitali ya Devonport, mjini Plymouth, wakafa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanasheria Cecil Clothier ilitoa taarifa yake mwaka huohuo, na taarifa hiyo ingali inafundishwa.

Mwanafunzi azingatie kwamba chombo kilisema kweli. Waliokisoma hawakukosa macho. Walikosa mazoea ya kusimamisha kazi pale ambapo vyombo viwili vinapingana. Meneja aliyeelewa fizikia ya mvuke na hewa angejua kwamba saa ya kanieneo na kipimajoto vinaweza kutofautiana bila ya chochote kuharibika, na kwamba tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Hata hivyo joto si tiba ya kila kitu. Mwaka 1923 mwanabiokemia wa Marekani, Florence Seibert, alionyesha kwamba homa zilizowapata wagonjwa baada ya kuchomwa sindano zilitokana na mabaki ya bakteria katika maji yaliyokuwa yamekwisha kukenekwa. Mabaki hayo hayauliwi, kwa kuwa hayana uhai, na nyuzi 121 haziyaondoi. Kwa hiyo maji ya dripu hayana budi kuwa safi tangu mwanzo. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kutoweza kuichukua chumvi ya Nunge na kuichemsha tu.

Ujuzi wa tatu: kufikiri kwa hesabu

Wako wanaosema: tutengeneze tu, kisha tupime, ikiwa mbovu tutaitupa. Hesabu ndogo itaonyesha udhaifu wa maneno hayo. Tuseme katika toleo la maelfu ya chupa, chupa moja katika kila mia ina vijidudu. Tukichukua chupa 20 bila ya kuchagua tukazipima, uwezekano wa kila moja kuonekana safi ni 0.99 mara 0.99, mara ishirini. Jibu ni takriban 0.82. Maana yake, toleo lenye chupa mbovu mia moja katika kila elfu kumi litafaulu jaribio mara 82 katika mia.

Kwa sababu hiyo ubora hauwezi kuongezwa mwishoni kama chumvi katika mchuzi. Huna budi kuujenga katika kila hatua: uthibitishe mapema kwamba mtambo, ukiendeshwa hivi, hutoa dawa salama, kisha uuendeshe hivyohivyo kila siku, na uandike. Mtu atakaye kuwa meneja ajizoeze kusoma grafu, wastani, na mwachano wa vipimo kutoka kwenye wastani. Uzito wa vidonge ukianza kupanda kidogo kidogo, hata kama bado umo ndani ya mipaka, mashine inazungumza. Afadhali kuisikiliza saa nne asubuhi kuliko saa kumi jioni.

Ujuzi wa nne: watu na kalamu

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilipelekwa kujifunza katika kiwanda kimoja cha vidonge. Nilikuwa na shahada ya pili, na nilitarajia kukabidhiwa meza. Siku ya kwanza nikakabidhiwa ndoo, brashi na kitambaa, nikaambiwa nisafishe mashine ya kuchanganyia unga wa dawa. Niliona nimedharauliwa. Nikaisafisha haraka, nikaweka saini. Mzee mmoja aliyefanya kazi pale kwa miaka mingi akaja, akafungua mpira wa mlango wa mashine, akapitisha kidole chake kilichovaa glavu, akanionyesha unga wa manjano. Ulikuwa unga wa dawa ya jana. Hakunifokea. Aliniambia tu kwamba yuko mtu asiyepatana na dawa ile, ambaye kesho angeinywa bila ya kujua ndani ya dawa nyingine. Kisha akaifuta saini yangu kwa mstari mmoja, akaandika tarehe na sababu, akanipa kalamu.

Pale nilijifunza mambo matatu. Usafi ni sehemu ya utengenezaji. Saini ni ushahidi, na kosa halifichwi kwa wino mweupe. Hupigwa mstari unaoacha maandishi ya kwanza yasomeke. La tatu, aliye chini kwa cheo aweza kuwa juu kwa ujuzi. Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi.

Meneja wa uzalishaji huongoza waendesha mitambo, mafundi, wapima malighafi, wafungashaji na wafagiaji. Kama wanamwogopa, watamficha makosa, na kosa lililofichwa kiwandani huonekana hospitalini. Yapasa awafundishe sababu ya kila utaratibu, tena kwa lugha wanayoifahamu. Utaratibu ulioandikwa kwa lugha ambayo mwendesha mtambo haielewi vizuri ni sawa na kutokuwapo. Hapa Kiswahili kina kazi kubwa, na walimu wa lugha na wa sayansi wangefaa kuifanya pamoja.

Hatua za uzoefu

Hakuna idadi moja ya miaka inayomfanya mtu kuwa meneja. Ila mpangilio wa hatua unafanana karibu kila mahali. Kwanza mhitimu hufanya kazi katika sehemu moja ya uzalishaji, iwe kupima, kuchanganya, kukandamiza vidonge au kujaza dawa za maji. Kisha huwa msimamizi wa zamu, mahali ambapo hujifunza kuamua usiku wa manane bila ya mkubwa kando yake. Yafaa apitie maabara ya udhibiti wa ubora kwa muda, ili aijue kazi yake kwa jicho la upande wa pili. Apitie pia ghala na ununuzi, maana kiambata kimoja kisipofika bandarini kwa wakati, mitambo yote husimama. Baada ya hapo huwa naibu, na katika unaibu huo hushiriki ukaguzi.

Ukaguzi ni chuo kikubwa. Hapa Tanzania wakaguzi hutoka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo hadi mwaka 2019 iliitwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mamlaka hiyo mwaka 2018 ilifikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani, ikiwa ya kwanza barani Afrika. Mkaguzi mzuri huuliza maswali ambayo meneja mzuri alikwisha kujiuliza.

Pwani yetu na kazi hii

Vijana wa Bagamoyo, Chalinze na Kibaha wasidhani kwamba mambo haya yako mbali nao. Katika mji wa Bagamoyo Taasisi ya Afya ya Ifakara ina kituo cha utafiti kilichoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Majaribio hayo yalihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na kwa Tanzania vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Kituo hichohicho kilishiriki pia majaribio ya chanjo ya R21. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya kwanza itumike kwa watoto mwaka 2021, na ya pili mwaka 2023. Hivyo watoto wa pwani hii walisaidia kuthibitisha ubora wa chanjo zilizotengenezwa mbali na kwao.

Upande wa utengenezaji, Kibaha, katika Mkoa huohuo wa Pwani, imekuwa darasa zuri. Katika eneo la Zegereni kimejengwa kiwanda cha Kairuki cha kutengeneza maji ya dripu. Humohumo Kibaha, mwaka 2015 kilizinduliwa kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu, mali ya Shirika la Maendeleo la Taifa, kwa teknolojia iliyotoka Kuba. Mwanafunzi na avilinganishe viwanda hivi viwili. Katika cha kwanza kazi ni kuhakikisha hakuna bakteria hata mmoja anayebaki. Katika cha pili kazi ni kuwalea bakteria wa aina moja iliyochaguliwa, kwa chakula, hewa na joto linalowafaa, bila ya kuingiliwa na wengine. Kanuni za pande zote mbili ni zilezile: ijue malighafi, ujue mtambo, pima, andika.

Hata hivyo sehemu kubwa ya dawa tunazotumia hutoka nje ya nchi, na viambata vyake vingi pia. Majengo na mitambo vinaweza kununuliwa kwa mkopo. Mtu wa kuisoma karatasi ya kipimajoto na kukataa kutia saini hanunuliwi. Hulelewa kwa miaka, na malezi yake huanza katika maabara ya sekondari, siku mwanafunzi anapoandika kipimo alichokiona badala ya kile anachodhani mwalimu anakitaka.

Tamati

Siku moja mmoja wa wasomaji wa makala hii atakuwa amesimama mbele ya otoklavu. Hospitali ya wilaya itakuwa imekwisha kupiga simu mara mbili kuomba dripu, kwa sababu kipindupindu kimeingia. Gari litakuwa nje. Na kipimajoto kitakuwa kimeandika nyuzi 116 mahali palipotakiwa 121. Wagonjwa wanaosubiri ni wa kweli, na kuchelewa kutawaumiza. Yeye pekee ndiye atakayejua pia habari ya wale ambao dripu ile ingewaua. Uamuzi sahihi ni kulizuia toleo, kutafuta chanzo, na kumweleza anayesubiri ukweli wote ili atafute dawa kwingine. Elimu, ujuzi na uzoefu tulioueleza humwandaa mtu kwa saa hiyo moja.

Mazoezi kwa darasa

1. Maji ya dripu yana gramu 9 za kloridi ya sodiamu katika lita moja. Ukichukua uzito wa moli moja kuwa gramu 58.5, tafuta idadi ya moli katika lita.

2. Kiwanda kinataka kutengeneza pakiti 40,000 za chumvichumvi kwa mchanganyiko uliotajwa. Tafuta uzito wa kila kiambata na jumla yake.

3. Katika toleo ambalo chupa moja kati ya mia ina vijidudu, zimepimwa chupa 50. Uwezekano wa zote kuonekana safi ni kiasi gani? Je, ungeliridhika?

4. Kata vipande vitatu vya kiazi mviringo vyenye urefu sawa. Kimoja kiweke katika maji matupu, cha pili katika maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, cha tatu katika maji ya bahari. Vipime baada ya saa mbili. Eleza kwa nini daktari hampi mgonjwa maji matupu wala maji ya bahari kwa njia ya mshipa.

5. Mjadala: Mkuu wa udhibiti wa ubora na meneja wa uzalishaji wakitofautiana, ni nani mwenye neno la mwisho la kuruhusu dawa itoke, na kwa nini?

Majibu ya hesabu: (1) 0.154. (2) Kloridi ya sodiamu kilo 104, glukosi kilo 540, kloridi ya potasiamu kilo 60, sitrati ya sodiamu kilo 116. Jumla kilo 820. (3) Takriban 0.61.